Jiko la Wasomaji: Kwa Mchina, uagize nini?

Toleo lililopita tuliwauliza wasomaji wa Mtwara na Lindi: ukikaa kwenye mgahawa wa Kichina, unaagiza nini? Tulitegemea majina ya vyakula. Tumepata maswali, na mengi yanatoka kwa watu wanaotaka kupika hicho walichokila. Tumejibu yote mawili, kuagiza na kupika, kwa pamoja, kwa sababu anayejua chakula kinavyopikwa ndiye anayejua kukiagiza.

Tupo watano ofisini, mwisho wa mwezi tunataka kwenda kula kwa Mchina. Orodha ya vyakula ina kurasa kumi na picha zote zinafanana. Tuanzie wapi? – Msomaji, Ligula, Mtwara

Kwanza acheni mazoea ya kila mtu na sahani yake. Chakula cha Kichina kinawekwa katikati kama sinia ya shughuli, kila mtu anachota. Kwa watu watano, vyakula vinne na bakuli kubwa la wali mweupe vinatosha. Mkiagiza vitano vyenye wali wa kukaanga juu yake, mtaondoka na mifuko.

Pili, msiagize vitu viwili vya kukaangwa kwa mafuta mengi. Hapo ndipo watu wengi wanapoharibu meza: kuku wa sosi tamu-chachu, springi roli, kamba wa unga, vyote kwa mpigo, na baada ya dakika ishirini kila mtu amekinai. Chagueni kimoja cha kukaangwa, kimoja cha mboga, kimoja cha nyama au kuku chenye sosi, na kimoja cha bahari.

Hicho cha bahari ndicho cha kukitilia mkazo. Sosi ya soya na sosi ya chaza hutoka kwenye chupa, na chupa ni ile ile uwe Mtwara, Dar es Salaam au Guangzhou. Samaki aliyeshushwa asubuhi hatoki kwenye chupa. Muulizeni mhudumu leo kuna samaki gani mzima, ana uzito gani, na mwombeni awaonyeshe kabla hajaingia jikoni. Changu au chewa wa gramu 600 hadi 800 apikwe kwa mvuke, kwa tangawizi na majani ya kitunguu, ndivyo wanavyopika Wachina wa Guangdong, ambao nao ni watu wa pwani. Samaki wa gramu 600 anakaa kwenye mvuke dakika 8 au 9 tu, kisha yale maji yaliyojikusanya kwenye sahani yanamwagwa kwa sababu ndiyo yenye shombo. Juu yake huwekwa tangawizi na majani ya kitunguu yaliyokatwa nyembamba kama nyuzi, halafu yanamwagiwa mafuta ya moto vijiko vitatu mpaka yalie chwaa, na sosi ya soya pembeni. Akija na jicho jeupe lililotokeza na nyama inayoachia mfupa bila kubomoka, amepikwa sawasawa. Nyama ikiwa kavu kama pamba, amekaa motoni mno. Mrudisheni bila haya.

Mboga ni chainizi ya kitunguu saumu. Najua mtasema chainizi tunanunua sokoni kila siku, tukalipie mgahawani? Lipieni mara moja mkaone inavyopikwa kwa moto mkali dakika moja na nusu, ikabaki kijani na inalia kwenye meno. Ile yetu ya kuchemka robo saa na nyanya ni mboga nyingine kabisa.

Kuku aje bila mifupa, na mseme mapema. Jiko la Kichina hukatakata kuku na mifupa yake vipande vidogo, na si kila mtu ana subira ya kutema vijifupa mbele ya bosi wake.

Assalaam alaykum. Nataka kumpeleka mama yangu lakini nahofia halali. Wanaponiambia hakuna nguruwe, inatosha? – Msomaji, Mikindani

Wa alaykum salaam. Haitoshi, na ubaya si lazima uwe wa mhudumu. Swali lenyewe ni jepesi mno. Ukiuliza "hiki halali?" utajibiwa ndiyo, kwa sababu kwake yeye maana yake ni kwamba sahani ile haina kipande cha nguruwe. Uliza maswali manne, moja moja.

Je, jikoni humu mnapika nguruwe kabisa? Kama wanapika, karai na kijiko ni vile vile, na mafuta ya kukaangia ndani ya sufuria moja hupokea kila kitu kinachotumbukizwa.

Mvinyo mnatia kwenye nini? Hili ndilo watu wengi hawalijui. Mvinyo wa mchele wa Shaoxing una kileo cha takriban asilimia 14 hadi 18, na mpishi wa Kichina huutia kwenye nyama kabla ya kupika ili kuondoa harufu, kama sisi tunavyotia ndimu. Hautajwi kwenye orodha ya vyakula. Kusema kwamba wote unaruka na moshi si kweli. Kwenye chakula kinachopikwa dakika mbili sehemu yake hubaki. Mwombe mpishi atumie tangawizi na ndimu badala yake, na umwambie kabla hajaanza, kwa sababu mara nyingi nyama huwa imeshatiwa viungo tangu asubuhi. Ikiwa ndivyo, hamia kwenye samaki mzima, ambaye hutayarishwa papo hapo.

Supu imechemshwa kwa mifupa ya nini? Supu ya mboga, supu ya mayai, hata supu ya tofu (maziwa ya soya yaliyogandishwa) inaweza kuwa na maji ya mifupa ya nguruwe. Na je, nyama ya kusaga ni ya nini? Mapo tofu, tofu laini ya pilipili kutoka Sichuan, ina nyama ya kusaga ambayo yaweza kuwa ya ng'ombe au ya nguruwe. Vitumbua vya unga vyenye nyama ndani, jiaozi, mara nyingi ni nguruwe.

Huko China kwenyewe kuna Waislamu wa kabila la Hui na wa Uyghur, nao wana majiko yao. Migahawa yao huandikwa 清真, husomwa qingzhen, na ukiziona herufi hizo mbili mlangoni umefika penyewe. Chakula chao kinachojulikana zaidi ni tambi za Lanzhou: supu safi ya ng'ombe, figili nyeupe, giligilani, mafuta ya pilipili, na tambi zinazovutwa kwa mikono mbele yako. Kingine ni kondoo wa bizari nyembamba. Mama akikila hicho hataona ugeni wowote.

Nimejaribu mara tatu kupika kuku wa korosho. Kuku anakuwa mgumu, korosho zinalainika kama maharage. Korosho zetu, tunashindwaje na watu wasiozilima? – Msomaji, Newala

Dada yangu, maumivu yako tunayaelewa, ila tukutoe wasiwasi: hata Wachina hiki si chakula chao cha asili. Mti wa mkorosho ulitoka Brazil ukaletwa huku na Wareno. Huko Sichuan chakula chenyewe ni kuku gongbao, na kinatiwa karanga na pilipili kavu. Gongbao ni cheo cha Ding Baozhen, gavana wa Sichuan aliyefariki mwaka 1886. Korosho zilikuja kushika nafasi ya karanga baadaye. Mji wa Springfield, jimbo la Missouri huko Marekani, unajivunia kuku wa korosho wake, wa kukaangwa na unga na kumwagiwa sosi ya chaza, aliobuni mpishi David Leong mwaka 1963. Kwa hiyo na Newala ina haki ya kuwa na wa kwake.

Kosa lako la kwanza ni kuku. Kuku wa kienyeji hafai hapa. Huyo ni wa kuchemshwa kwanza. Tafuta kuku wa kisasa, toa nyama ya paja gramu 500, kata vipande vya sentimita 2. Kidari kinafaa, ila kikizidi nusu dakika kinakauka, paja linasamehe.

Nyama ikaushe kwa kitambaa. Itie kijiko 1 cha chakula cha sosi ya soya, kijiko 1 cha konflawa, ute wa yai 1 na kijiko 1 cha mafuta, ukande kwa mkono mpaka unate, uiache dakika 20 hadi 30. Huu ute na konflawa ndiyo siri yote ya ulaini wa kuku wa mgahawani: unajenga ngozi nyembamba inayozuia maji ya nyama yasitoke. Ukipata unyevunyevu chini ya bakuli, hujakanda vya kutosha.

Konflawa ni ule wanga mweupe wa mahindi unaolia ukiubana kwa vidole, usije ukatia sembe. Ukiikosa, chukua wanga wa muhogo, na hapa tunasema wanga, maana unga wa makopa una nyuzi na utachafua sosi. Kwaruza muhogo mtamu mbichi, uchanganye na maji mengi, ukamue kwa kitambaa, maji yaache yatulie saa mbili. Kilichoganda chini, cheupe na kigumu kama chokaa, ndicho chenyewe. Mwaga maji, kianike. Wanga huu huvuta zaidi ya konflawa, kwa hiyo kwenye sosi tumia robo tatu ya kipimo.

Sosi ichanganye mapema kwenye kikombe: sosi ya soya vijiko 2 vya chakula, siki kijiko 1, sukari kijiko 1, konflawa kijiko 1 cha chai, maji vijiko 4.

Sasa korosho. Chukua gramu 100 zilizobanguliwa, mbichi, si zile za kuokwa na chumvi. Ziweke kwenye mafuta yakiwa bado ya baridi, kisha washa moto mdogo. Zikitupwa kwenye mafuta ya moto zinaungua nje na ndani zinabaki na maji, na maji hayo ndiyo yanayozilainisha baadaye. Dakika 4 au 5 zinatosha. Zitoe zikiwa na rangi ya majani makavu, kabla hazijafika rangi unayoitaka, kwa sababu zitaendelea kujipika nje ya mafuta. Zitandaze kwenye karatasi, zisirundikane.

Karai iwe ya moto mpaka moshi uanze kuonekana. Mafuta vijiko 3, kisha kuku nusu tu, gramu 250, zitandaze na usikoroge kwa sekunde 40. Ukimwaga zote 500 moto unazimika, nyama inatoa maji, na hapo unachemsha, hukaangi; ndiyo maana kuku wako ni mgumu. Hii inawahusu zaidi wanaopikia mkaa, maana moto wa mkaa haupandi haraka ukishashuka. Mtungi wa gesi ni nafuu kidogo. (Gesi ya Msimbati inapita kwenye bomba kwenda Dar es Salaam tangu 2015, lakini ile ya mtungini ni gesi nyingine, inakuja kwa meli.) Geuza, dakika moja na nusu zaidi, toa, tia nusu ya pili.

Kuku akishatoka, tia kitunguu saumu punje 3 na tangawizi kipande cha kidole gumba, vyote vimekatwakatwa, sekunde 20. Pilipili hoho moja iliyokatwa miraba, dakika moja. Rudisha kuku. Koroga kikombe cha sosi, kwa sababu wanga umeshazama chini, na uimwage kwenye ukingo wa karai, si katikati. Ikichemka na kung'aa, nusu dakika, zima moto. Korosho ndiyo mwisho kabisa, moto ukiwa umezimwa, pindua mara mbili, pakua, kula. Ukiutia mfuniko kumngojea mgeni, mvuke utazifanya tena maharage.

Ngisi wa mgahawani analainika na ana michoro kama kitanda cha kamba. Wangu anakuwa mpira wa baiskeli. – Msomaji, Kilwa Masoko

Ngisi ana njia mbili: dakika 1 au dakika 40. Katikati hapo ndiko wanakopotelea watu. Joto linapomshika tu nyama yake inajikunja na kukamua maji yake yote; ukimwacha muda mrefu sana nyuzi zinayeyuka na analainika upya, ila huyo ni wa mchuzi.

Mpasue bomba la mwili kwa urefu, umfungue kama kitabu, uondoe ngozi na utando. Upande wa ndani uangalie juu. Laza kisu, uchore mistari iliyo mbali nusu sentimita, uende theluthi mbili ya unene, usimtoboe. Geuza ubao, chora tena kukatisha. Watu wengi huchora upande wa nje, halafu wanashangaa michoro haifunguki: ngisi hujikunja kuelekea ngozini, kwa hiyo mistari ya ndani ndiyo inayochanua. Kata vipande vya sentimita 4 kwa 5.

Chemsha maji mengi, mtumbukize sekunde 15 hadi 20, akijikunja tu mtoe, mkaushe vizuri. Kisha karai ya moto mkali, kitunguu saumu, pilipili, chumvi, pilipili manga, sekunde 40 pamoja na ngisi, basi. Maji ya kwanza yanamtoa unyevu wake mapema ili karai isijae maji. Mgahawani muulizie wa chumvi na pilipili. Ni chakula kinachomfichua mpishi, kwa sababu hakuna sosi ya kumsitiri.

Pweza msimchanganye na habari hii. Yeye ni wa kupigwa na kuchemshwa kama mnavyojua, ndipo akaangwe.

Nauza chakula stendi. Wateja wanaulizia wali wa kukaanga wa Kichina, wangu unakuwa bokoboko. – Mama lishe, Nachingwea

Mama, unakaanga wali wa moto. Wali ukipoa, wanga ndani ya punje unakaza, punje zinaachana. Wali wa moto bado una mvuke, ukiukoroga unapondeka.

Pika kwa maji pungufu: kikombe 1 cha mchele kwa kikombe 1 na robo ya maji. Ukiiva, utandaze kwenye sinia pana, usizidi unene wa kidole, upepee. Kama una friji, ndani ya saa moja uingie humo na utumike kesho. Kama huna, kaanga siku ile ile baada ya dakika 40 za kwenye sinia. Usiulaze mezani usiku kucha kwa joto letu hili. Kuna bakteria ambao mbegu zao hazifi wali ukichemka, hukua wali ukikaa na uvuguvugu, na sumu wanayoiacha haiondolewi na kukaangwa. Mteja mmoja akitapika, stendi nzima itajua.

Kwa vikombe 4 vya wali uliopoa: mafuta vijiko 3, mayai 2 yakorogwe na kuiva nusu, wali uingie hapo hapo, ubomoe mabonge kwa mgongo wa kijiko. Dakika 3 za moto mkali. Karoti na njegere ziwe zimechemshwa kabla. Sosi ya soya kijiko 1 tu, kupitia ukingoni. Wanaoimimina mpaka wali unakuwa kahawia wanarudisha maji waliyohangaika kuyatoa, na chumvi juu yake.

Wali wa nazi haukaangwi. Tui limeshaupaka mafuta, sukari yake inaungua kabla wali haujapata moto, na huchacha upesi. Wali wa nazi uuze kama wali wa nazi, una wateja wake.

Lindi yote ni ufuta, lakini mafuta yetu ya ufuta hayana ile harufu ya mgahawani. Wanatia nini? – Msomaji, Lindi mjini

Hawatii kitu. Wanakaanga mbegu mpaka zinakuwa za kahawia ndipo wanakamua. Mafuta mengi ya mashineni kwetu yamekamuliwa kwa mbegu mbichi, ni meupe na mapole, yanafaa kupikia. Yale ya Kichina si ya kupikia kabisa. Ni kiungo, yanatiwa moto ukishazimwa, kijiko 1 cha chai kwa chakula cha watu wanne. Ukiyakaangia, harufu inapotea na uchungu unabaki.

Kama mwenye mashine hakubali kukukamulia debe lililokaangwa, fanya hivi: kaanga ufuta vijiko 2 vya chakula kwa moto mdogo dakika 8, ukikoroga bila kuacha, uzime mara tu unapoanza kurukaruka na kunukia. Utwange. Utie kwenye nusu kikombe cha mafuta yako ya ufuta, moto mdogo kabisa dakika 10, uache upoe humo humo, chuja. Haitakuwa sawa na ya chupa, ila itakaribia, na ufuta ni wako. China ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa ufuta wa Tanzania, kwa hiyo huenda hata hiyo chupa unayoitamani ilianzia huku.

Nilikula tofu ya pilipili, midomo ikafa ganzi. Nilitiliwa sumu? – Msomaji, Masasi

Hapana kaka. Ni pilipili ya Sichuan, ambayo si pilipili: ni maganda ya tunda la mti wa ukoo wa mlimau na mchungwa. Kazi yake ni hiyo hiyo ya kutia ganzi, na ganzi hupita baada ya dakika chache. Maji hayasaidii, kula wali mweupe. Lakini midomo ikivimba, ngozi ikiwasha au pumzi ikibana, hiyo ni mzio, hasa wa karanga, korosho au kamba. Hapo ni hospitali, usingoje.

Nina presha. Daktari amenikataza ajinomoto. Nikiwaambia wasitie, nipo salama? – Mstaafu, Shangani, Mtwara

Shikamoo mzee wetu. Umeziba tundu dogo, mlango uko wazi. Ajinomoto, ambayo Mjapani Kikunae Ikeda aliigundua mwaka 1908 kutoka kwenye mwani, ina sodiamu ya asilimia 12 hivi. Chumvi ya kawaida ina asilimia 39. Inayokuletea mzigo ni sosi ya soya: kijiko kimoja cha chakula kina takriban miligramu 900 za sodiamu, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi 2,000 kwa siku nzima. Sahani moja yenye sosi nzito huwa na vijiko viwili au vitatu, bado sosi ya chaza, bado supu.

Agiza samaki wa mvuke na useme sosi ije kwenye kibakuli pembeni, uchovye ncha ya nyama tu. Chainizi ipikwe kwa kitunguu saumu bila sosi. Wali uwe mweupe, usiumwagie mchuzi. Supu iache, maana chumvi ya supu huioni. Na maelekezo ya daktari wako yabaki pale pale.

Huku tunauza jongoo bahari kwa wanunuzi, sisi wenyewe hatuli. Likiwa kwenye orodha ya mgahawa, linafaa kuagizwa? – Msomaji, Msimbati

Kwa Kichina linaitwa haishen, yaani ginsengi (mzizi wa dawa wa Kichina) ya baharini, na linaheshimiwa kama dawa. Ladha halina. Unalipia ule mlegezo wake, mithili ya kongoro iliyochemka sana, na sosi iliyolala ndani yake. Kazi pia ni kubwa: kavu huloweshwa siku nzima, likachemshwa polepole, likapasuliwa na kutolewa matumbo, likarudishwa kwenye maji safi siku mbili zaidi, na sufuria yenye tone la mafuta inaliharibu, linayeyuka badala ya kuvimba. Kwa fedha hiyo tungekushauri ngisi wawili na samaki mzima.

Springi roli zangu zinapasukia kwenye mafuta, na nikizifunga kupeleka Tandahimba mjini zinafika laini. – Msomaji, Tandahimba

Manda za sambusa zinafaa, huna haja ya kutafuta za Kichina. Kinachopasua ni maji. Kabichi gramu 300 na karoti 2 zikate nyembamba, zitie chumvi nusu kijiko cha chai, ngoja robo saa, zikamue kwa nguvu zote. Kaanga dakika 2, halafu zipoe kabisa. Ujazo wa moto unalainisha manda kabla hujafika jikoni. Vijiko 2 vya chakula kwa manda moja, kunja kwa kukaza bila kuacha hewa, funga ncha kwa uji mzito wa unga wa ngano.

Mafuta ya moto wa kati: kipande cha manda kikitumbukizwa kielee juu mara moja na kutoa mapovu madogo, bila kubadilika rangi papo hapo. Dakika 3 au 4, tano tano. Zikitoka, zisimamishe wima kwenye chujio, usizilaze, mafuta yashuke. Za safari usizifunge kwenye mfuko wa plastiki wala hotpoti. Mvuke wake wenyewe ndio unaozilainisha. Zikaange nusu nyumbani, zikiwa bado nyeupe, zipoe, zibebe kwenye boksi la karatasi, umalizie dakika moja na nusu mbele ya mteja.